Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Ile kompyuta ya ndani iligoma tena kuona intaneti. Ya nje ilikuwa nayo tele.

"Kwani si moja?" mama aliuliza, amesimama nyuma ya fundi kwenye meza ya kulia.

"Ni mbili, mama. Ile mbovu ya mwanao nimeinakili yote, nikaiweka humu kwenye laptopu yako. Inaishi ndani kama mpangaji. Sasa lazima nayo ipate njia yake ya kutokea."

"Mpangaji wapi! Huyo ni mwenye nyumba."

Fundi alicheka. Mama hakucheka.

Mwanawe alichukuliwa na mafuriko miaka miwili iliyopita. Kilichopatikana ni raba yake moja kwenye matope. Msiba ukakaliwa bila maiti. Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wamegombana, na mama alimwambia, "Ukitoka leo, usirudi." Maneno hayo yalimla mpaka akakonda. Ndugu na majirani walimsihi asijilaumu, lakini wapi! Sasa alitaka kitu kimoja tu: kumsikia. Kijana alikuwa na tabia ya kujirekodi akiimba vibaya bafuni, na rekodi zote aliziweka kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Nenosiri alilijua yeye peke yake, na mashine hii tu ndiyo iliyolikumbuka.

Fundi akafungua mipangilio ya ile mashine ya ndani. Akaibadilisha ijiombee anwani yake yenyewe ya mtandao kwenye ruta ya nyumba, isijifiche tena nyuma ya laptopu. Akaiwasha upya.

"Haya, imeshika!"

Akaunti ikafunguka. Kidirisha kikatokea pembeni: mwenye akaunti amejulishwa kwenye simu yake kwamba kompyuta hii imeingia.

"Kawaida hiyo," fundi alisema, akakifunga.

Rekodi zikajipanga kwenye skrini, na picha chini yake. Fundi akabonyeza ya kwanza. Sauti ikajaa chumbani, inakwaruza, inapotea njia, inaangua kicheko katikati ya wimbo. Mama akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamchuruzika hadi kidevuni.

"Jamani, mwanangu. Nisamehe."

Fundi akaitafuta rekodi ya pili. Haikuwepo. Ya tatu ikatoweka wakiiangalia. Zikafuata picha, moja moja, kuanzia zile alizopiga na mama yake.

"Lo! Mama, kuna mtu anazifuta!" Fundi aliruka, akaushika waya wa mtandao. "Nikichomoa sasa hivi, hizi zilizokwisha kushuka humu zitapona!"

Mama akaudaka mkono wake, akaubana kwa nguvu zake zote. Macho hayakubanduka kwenye skrini.

"Usichomoe," alisema. "Mwache mwanangu afute."