Nyati Aliyepona Nusu

Nyati mmoja, hodari wa kukatiza mambo, alijaa kupe hata akakonda. Akamwita Shashi, ndege mla kupe, naye akaanza na wale laini. Muwasho ulipotulia tu, Nyati akajitikisa.

"Shuka, bwana. Nimepona."

"Wamebaki wenye magamba magumu, mzee. Niache nimalize."

"Wachache hao watanifanya nini? Sema una njaa."

Shashi akaenda zake. Wale wachache wakazaa, watoto wakarithi magamba ya wazazi, yakazidi ugumu kila kizazi, wakamjaa Nyati na kuhamia kwa ndama wake. Shashi alipoitwa tena, akadonoa mpaka mdomo ukamuuma. Hakung'oka hata mmoja.

"Mdomo wako umekuwa butu," Nyati akafoka, ndama amelala miguuni pake, hainuki.

"Mdomo ni uleule, mzee. Kupe ndio wapya, na umewafuga mwenyewe."