Bi Zaituni Ubaoni

Bi Zaituni, mfua nguo wa miaka sitini na mbili, aliitwa ubaoni katika darasa la watu wazima. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa Salha, bintiye wa kumzaa.

"Kitenzi ni *wash*, yaani kufua," alisema Salha. "Wakati uliopo, kisha uliopita."

Bi Zaituni akaandika *I wash*. Alipofika kwenye *she*, mkono ukasita. Salha alitamani kumnong'oneza, akajizuia. Mama akawaza, akaandika *washes*, na chini yake *washed*, kwa herufi kubwa zilizonyooka.

Darasa likapiga makofi.

"Sahihi, mama," Salha alisema.

"Humu mimi ni mwanafunzi, Mwalimu," alijibu Bi Zaituni, kidevu juu. "Nipe kingine."

Chaki yake ilikuwa imeshagusa ubao.