Nukta ya Mlengaji

“Huyo anayelengwa, naye anaiona hiyo nukta?”

Mke wa mlinzi ndiye aliyeuliza. Mumewe alikuwa katikati ya karakana, bunduki ya marisau begani, jicho kwenye kilengeo kipya cha kioo, nukta nyekundu ameituliza juu ya pua ya mrembo wa kalenda iliyoning’inia ukutani.

“Haioni, mama,” fundi bunduki alijibu. “Nukta inakaa ndani ya kioo. Ni ya mlengaji peke yake. Hata ikikutulia kifuani, huna habari.”

“Hakuna cha taa? Kile kinachommulika mtu, akajiona, akakimbia?”

“Kipo. Ila taa inamwonyesha mwizi pale ulipojibanza. Halafu wezi wote wakikimbia, mumeo atakula nini?” Fundi akacheka peke yake.

Mlinzi hakuwa na hamu ya utani. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu, na ile shanga ndogo ya kulengea kwenye ncha ya mtutu alikuwa haioni tena. Ndiyo maana mwizi wa ghala analolilinda alimponyoka mwezi uliopita. Mwenzake wa zamu alipigwa mtaimbo wa kichwa, na mpaka leo analishwa kwa mrija. Bosi hakumung’unya maneno: akikosa tena, avue sare aende zake.

“Chukua hiki chenye nukta kubwa,” fundi alishauri. “Nukta ndogo ni ya kulenga mbali. Kwa marisau unataka jicho liidake upesi.”

Wakatoka uani kukijaribu. Fundi alionyesha skrubu ya ubavuni: ukiizungusha kwa ukingo wa sarafu, shabaha inahama kulia au kushoto. Mke akasogea karibu kutazama. Miaka yote ya ndoa alikataa hata kuifuta vumbi bunduki ile, na leo alikuwa ameinama kama mwanafunzi.

“Twende, Baba Kijiti,” alisema mwishowe. “Nimeona.”

Mlinzi angefurahi, kama si mambo mengine. Siku hizi simu za mkewe zilipokelewa uani, kwa kunong’ona. Jioni, akiondoka kwenda zamu, aliacha sahani imefunikwa mezani. Akirudi asubuhi aliikuta imeoshwa, na mke mwenyewe hali chakula cha usiku, kinamsumbua tumbo. Nyumba ilikuwa ya watu wawili tu tangu kijana wao wa pekee, Kijiti, agombane na baba yake na kwenda machimboni. Mlinzi hakuuliza kitu. Alikuwa mtu wa kumeza, na hili nalo alilimeza.

Siku ya zamu, mke alimfungia kitufe cha juu cha sare, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

“Leo unakaa mlango wa mbele au wa nyuma?”

“Wa nyuma.”

Alifika ghalani jua bado liko juu, akashuka kwenye shimo la kokoto lililo jirani, akatega debe, akalenga. Debe halikutikisika. Udongo uliruka kando, mkono mzima kulia. Akarudia, ikawa vilevile.

Akampigia fundi simu, akamwaga hasira zote.

“Mzee, si tulikijaribu wote pale uani?” fundi alisema. “Hicho kimechezewa.”

Mlinzi akaigeuza bunduki. Kichwa cha skrubu kilikuwa na mkwaruzo mpya, na ndani ya mkwaruzo kumenasa kijiuzi cha zambarau. Zambarau ilikuwa rangi ya kitambaa ambacho mkewe hufungia sarafu zake.

Akakaa chini kwenye kokoto. Taa aliyoiulizia mkewe, ya kumwonyesha mwizi pale mlinzi alipojibanza. Mlango wa mbele au wa nyuma. Sahani. Kumbe huyo bwana wa mkewe anayekula chakula chake ndiye anayeiba ghalani, na wawili hao wamekubaliana yeye akose shabaha, mtaimbo umalize kazi. Alilia mle shimoni, mtu mzima, sare imefungwa mpaka kooni.

Kisha akatoa sarafu yake, akairudisha skrubu kidogo kidogo mpaka debe likaruka. Siku zote alikuwa amepanga kulenga miguu. Safari hii aliona miguu haitoshi.

Asubuhi alimkuta mkewe amesimama mlangoni, macho mekundu, na nguo ni zile za jana.

“Umerudi,” alisema, akimtazama mikono.

“Ulitaka niletwe nimebebwa?” Mlinzi akapita, akakaa, akaanza kufungua kamba za viatu. Sahani ilikuwa bado mezani, imefunikwa. “Alipanda ukuta wa nyuma, kajifunga kitambaa usoni. Nikamwekea nukta kifuani. Fundi alisema kweli, hakuwa na habari.”

“Ulimpiga?”

“Akaangukia upande wa barabarani. Polisi wamemzoa hata sijazunguka.” Akatupa kijiuzi cha zambarau juu ya meza. “Skrubu yako niliirudisha, Mama Kijiti. Sasa nitajie jina lake. Nataka kumjua huyo bwana wako.”

Mke alikitazama kile kijiuzi.

“Baba Kijiti,” alisema, “mwanetu wamempeleka wapi?”