Yai la Siku ya Thelathini

Mkaguzi alikuwa anatwanga maganda ya mayai kwenye kinu, polepole, kama mtu anayepewa alama kwa kila pigo. Kwanza aliyaosha, akayaanika juani siku mbili, akayakaanga bila mafuta, maana ganda lisilosagwa humfundisha kuku kula mayai yake mwenyewe. Hayo aliyasoma vitabuni tangu alipostaafu kazi ya kukagua mizani na kuchukua kuku saba wa mke wake, pale uani.

Hakupewa bure. Walikubaliana siku thelathini. Zikiisha hajapata hata yai moja lenye ganda gumu, kuku wanarudi kwa mke wake, naye Mkaguzi atafute kitu kingine cha kustaafia. Leo ilikuwa ya thelathini.

“Baba watoto, kinu changu nitakiona lini?” mke wake aliuliza kutoka mlangoni, beseni la nguo kiunoni.

“Utafiti ukiisha.”

“Tumbo halijui utafiti. Na hao kuku, kabla hujastaafu, hawakuwa wagonjwa.”

“Hawakuwa wamepimwa,” alisema Mkaguzi, akaendelea kutwanga.

Kila siku saa tisa kamili, baada ya chakula na usingizi mfupi, aliingia bandani na mizani, daftari na kidole gumba. Yai alilipima uzito, kisha akalibonyeza. Siku ishirini na tisa gumba lilizama kama kwenye shavu la mtoto mchanga. Kuku saba, na bado alikuta yai moja tu, limelegea kama kifuko cha maji. Likipasuka alijifuta mkono na kuandika: Upungufu mkubwa.

Aliwawekea chokaa ya kuku kwenye chombo cha peke yake, ili kila mmoja ajilie kadiri ya haja yake. Akahamishia maji kivulini, kwani kuku aliyezidiwa na joto hula kidogo, na asiyekula hana cha kujengea ganda. Kuku walinawiri, manyoya yakang’aa. Walimtazama kwa jicho moja moja, kama wanaomwonea huruma.

Leo, saa tisa, aliinama tena. Yai moja. Gumba likazama.

Mkaguzi alikaa kitako kwenye ndoo iliyopinduliwa. Bila kuku angebaki kuhesabu vijiko jikoni, na jikoni alishafukuzwa mara mbili.

Kwa miaka thelathini na miwili aliwafungia watu maduka kwa jiwe la kilo lililopungua gramu kumi. Hakuwahi kupokea hata soda. Sasa alichungulia uani kama mwizi wa nguo, akaacha kinu na maganda yake nusu, akatokea mlango wa nyuma. Mke wake angekuja kuangalia viota saa kumi. Muda ulitosha kununua mayai mawili ya watu na kuyaingiza.

Duka lilikuwa mtaa wa tatu, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Mwenye duka, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtolea mayai mawili. Mkaguzi akayabonyeza. Yakagoma. Akayagonga kwa ukucha, yakalia kama kigae.

Alisahau kilichomleta. “Mama, mwenye kuku hawa anawalisha nini?”

“We nunua, baba. Unataka na ukoo wao?”

“Nauliza kwa wema. Mimi nina wagonjwa nyumbani.”

“Kasema wanakula chokaa mpaka wanasaza. Ni mama mmoja wa huko nyuma. Huniletea matano, sita, kila siku kabla ya adhuhuri.”

“Kila siku?”

“Kila siku, mwezi mzima sasa. Maskini, ana mume kastaafu. Yai lolote atakalolishika yule bwana analibonyeza mpaka lipasuke! Basi mama huyaokota yote mapema, anamwachia la kuku wake mmoja mzee, yule anayechelewa kutaga na ganda lake halikazi tena.” Alicheka hadi miwani ikamshuka puani. “Walipeana siku thelathini. Zinaisha leo, kuku wanarudi kwa mwenyewe. Haya, mzee, unayachukua au unayakagua?”

Mkaguzi aliyafunga mayai kwenye leso yake, moja baada ya jingine, bila kuyabonyeza.

“Nayachukua,” alisema. “Na nipimie chokaa ya kuku, kilo moja kamili. Maganda nimeyaacha kinuni, na kesho bado nina kazi.”