Kitambaa cha Kufuma

Kompyuta ya Hidaya ilikuwa imezimika mara tatu, na katuni yake ya mashindano ilitakiwa kabla ya saa kumi. Kadi ya picha ilikuwa ya moto kama pasi. Alishabadilisha pawasaplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme, akafunga feni kubwa zaidi, kisha akakirudisha kitambaa cha kufuma juu ya kasha la kompyuta, lipendeze kama redio na televisheni zilizotandikwa vyao. Sasa feni zilianza kulia tena.

Mama yake akaingia kukusanya vitambaa vya kufua. Alipokivuta kile, feni zikatulia. Kipimo cha joto kwenye skrini kikashuka: tisini, themanini, sabini!

"Nitandike kingine, mwanangu?"

"Ngoja, mama! Usitandike chochote!" Hidaya alicheka, akamrukia shingoni.

Mkononi mwa mama, juu ya matundu ya hewa ya kasha, kitambaa kikaanza kupepea kwa upepo wa moto uliokuwa ukitoka.