Viatu vya Kushukia

"Kilo mia na arobaini," Vinzenz alirudia. "Andika."

Kreszenz aliweka kalamu chini. "Siandiki uongo dukani kwangu. Wewe hufiki themanini hata ulowe na koti lako. Miaka thelathini nawafungia watu skii za kutelezea thelujini bonde hili, jirani, na kila mtu huiba kilo. Wa kujiongezea ni wewe wa kwanza."

"Basi nisifu."

"Nitakupa magongo. Skrubu hizi za kushika kiatu kwenye skii hukazwa kwa uzito wa mtu. Nikizikaza kwa mia na arobaini, siku ukianguka kiatu hakichomoki. Mguu utavunjika, kiatu kimetulia tu kinakutazama."

"Sina mpango wa kuanguka."

"Nani anao?"

Walikuwa wakibishana tangu Kreszenz alipofungua duka asubuhi hiyo. Nyumba zao ziligawana uzio mmoja, na hakuna kilichowahi kupita juu ya uzio ule bila kugombaniwa: paka, theluji ya kwenye njia, kengele za ng'ombe. Lakini kila majira ya baridi Vinzenz na mkewe Ottilia walihamia juu, kwenye kibanda cha wapanda milima walichokitunza miaka arobaini. Leo mzee alikuwa ameshuka peke yake, viatu vimepasuka ubavuni. Alitaka vipya, na vifungo vipya vya skii, apande tena leo na kumleta Ottilia bondeni kabla ya kesho jioni, upepo wa joto haujafika kuilegeza theluji ya korongo la kushukia.

Kreszenz alikuwa amemchagulia viatu vyepesi kama soksi, na vifungo vidogo vya pini. Ndivyo avaavyo mtu mwenye akili, mwenye miaka sabini na moja, na mwenye mwendo wa saa nne wa kupanda mbele yake. Vinzenz alivisukuma kando. Alitaka vile vigumu vya vijana wanaoruka majabali, na vifungo vizito vya chuma vya kukibana kisigino.

"Utafia njiani na uzito huu," Kreszenz alimwambia.

"Kupanda napanda mikono mitupu. Kushuka ndiko kwenye kazi."

Basi akampashia soksi nene za ndani kwenye joko, akamvisha zikiwa moto, akamfunga viatu. Dakika kumi mteja husimama bila kutikisika, mpaka soksi zipoe na kushika umbo la mguu. Kreszenz alizipenda dakika hizo kuliko mauzo yenyewe. Mtu amesimama, hana pa kukimbilia, na masikio yako wazi.

"Haya. Ottilia hajambo?"

"Hajanisemesha tangu Jumanne."

Kreszenz alivuta kiti. "Ottilia huyu huyu? Amenyamaza siku tatu?"

"Kimya."

"Umemfanya nini?"

"Hapakuwa na la kumfanyia."

"Wanaume ndivyo mnavyosema wote. Kitanda mnalala kimoja, lakini?"

"Yuko chumba cha kaskazini."

"Kile cha jibini? Kisicho na moto?"

"Ndiko kunakomfaa."

Kreszenz aliliandika hilo moyoni mara mbili, mara kama dhambi, mara kama habari. Kwa mwoka mikate lingefika kabla ya saa sita.

"Nyonga yake yenyewe mbovu," alisema, "halafu unataka kumpitisha korongoni. Piga simu helikopta ije. Dakika sita, yuko hapa anakunywa kahawa."

"Hataki. Ulikuwepo siku ile."

Kweli alikuwepo. Ilikuwa sikukuu ya kanisa, kiangazi, meza ziko nje, na helikopta ikapita juu yao na ng'ombe aliyefia malishoni, ananing'inia kwenye kamba huku miguu ikicheza hewani. Ottilia aliweka chini bilauri yake ya pombe ya peasi. "Mimi nisishushwe hivyo," alisema. "Vinzenz atanishusha kwa skii, au nibaki huko huko." Meza nzima ilicheka.

"Mkaidi," Kreszenz alisema.

"Mkaidi," Vinzenz aliitikia, na kidevu kikamtetemeka.

"Vinabana?"

"Kidogo."

Alimkagua magoti. Yalikuwa yakitikisika juu ya viatu vipya, na dukani hapakuwa na skrubu ya kukaza hilo. Kwenye kona ya pili ya korongo lile alikuwa ameona vijana wenye nguvu wakilia. Akachukua bisibisi.

"Naandika themanini. Nimemaliza."

"Zenzi." Hakuwa amemwita hivyo tangu walipokuwa shuleni. "Ukiandika themanini, vitafunguka kwenye kona ya pili, nikiwa nimeelemewa. Nikimwachia pale, simpati tena."

"Umeelemewa na nini? Na mikanda yote hii uliyonunua. Unashusha jiko?"

Vinzenz aliangalia dirishani, mlimani, ambako wingu la upepo wa joto lilikuwa limeshaanza kujilaza juu ya kilele.

"Kilo zangu ni sabini na nane," alisema. "Zilizobaki ni zake, na za machela. Nimeshamshona ndani ya ile shuka ya harusi."

Bisibisi ilisimama mkononi mwa Kreszenz. Kisha akaizungusha, kwanza kifungo kimoja, halafu kingine, mpaka skrubu zikafika alama ya mwisho. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alienda akageuza kibao cha mlangoni kisome kuwa duka limefungwa, akausukuma mlango wa jikoni kwa bega.

"Vua hivyo uingie ule," alisema. "Hutamfikisha ukiwa na tumbo tupu."