Pazia la Bafuni

Bafuni hapakuwa na mlango tena. Mama aliung'oa kwa mikono yake mwenyewe, akatundika pazia.

"Oga, mwanangu," alisema kutoka nje. "Na uimbe, nikusikie. Hata kama sauti yako ni ya chura."

Kitindamimba wake hakuuliza sababu. Kabla yake, kaka yake naye alitoka jela, akapokewa kwa vigelegele, akaingia humu kuoga, akafunga komeo. Walipovunja mlango, alikuwa ameshakufa, na maji yalikuwa bado yanamwagika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama alikuwa ameng'oa unyasi wote.

Kitindamimba akafungua bomba, akaanza wimbo wa utotoni. Nje, mama akaitikia kibwagizo.

Alipovua koti, vidole vilisimama kwenye pindo. Ndilo koti alilokamatwa nalo. Asubuhi hii stoo ya gereza ilimrudishia kama lilivyokuwa. Humo pindoni aliwahi kushona kete ya unga wa kulevya, na wapekuzi hawakuiona. Yeye mwenyewe alishaisahau. Vidole havikusahau.

"Mwili wako umeshazoea kukaa bila unga," mshauri wa gereza alimwonya wakati wa kuagana. "Kipimo chako cha zamani, leo kitakuua."

Akaimba ubeti wa pili. Uzi ulikuwa umeoza; ulikatika kabla hajauvuta sawasawa. Kete ikamwangukia kiganjani, nyepesi kama punje ya mchele.

Mama akaitikia kibwagizo, kisha akanyamaza, akingoja ubeti wa tatu.

Maji yalikuwa yanamwagika.